Shamba la Kitoweo

Ukitaka kujua fedha ya nyumba hupotelea wapi, usiulize habari za gunia la unga, kwa sababu gunia hununuliwa kwa mashauri, hubebwa kwa jasho, na kila aliyemo nyumbani huijua siku lilipoingia na siku lilipokwisha. Uliza habari za fungu la mboga, kikombe cha ndakala (yaani dagaa wa ziwani), nyanya tatu, vitunguu viwili na kipimo kidogo cha mawese, vitu vinunuliwavyo kila jioni kwa fedha chache chache ambazo hakuna azihesabuye, na ambazo zikikusanywa mwisho wa mwezi huenda zikaishinda bei ya gunia lenyewe. Katika Mpala, na katika vijiji vingi vya ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kalemie kushuka kusini hadi Moba, chakula cha kutwa kina sehemu mbili: bukari, yaani ugali, ambao hapa ni wa muhogo au wa muhogo uliochanganywa na mahindi, na kitoweo cha kulia ugali huo. Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa kirefu, ni kwamba mtu mwenye ua mdogo na mfuko mwembamba asijisumbue kulima bukari mlangoni pake, alime kitoweo.

Sababu yake si ngumu. Familia hula wanga kwa mamia ya kilo kila mwaka, na kiwanja cha hatua kumi kwa kumi, hata kikilimwa na malaika, hakiwezi kuutoa. Lakini kiwanja hicho hicho, na hata nusu yake, kinatosha kuipa nyumba majani mabichi karibu kila siku, kwa kuwa lengalenga, ambayo wengine huiita mchicha, huwa tayari kwa kuchumwa majuma matatu au manne baada ya kupandwa, na ikikatwa kwa uangalifu huchipua tena. Fauka ya hayo, unga husafiri na hukaa, nao haubadiliki sana ukitoka Kabalo kwa reli au ukishuka kutoka milima ya Marungu. Bali majani yaliyochumwa alfajiri huwa yamekwisha kunyauka adhuhuri, na pamoja na unyevu wake hupoteza sehemu ya vitamini zake. Basi kitu kisichofaa sana kununuliwa sokoni ndicho kifaacho sana kupandwa nyumbani.

Mahali hapa si pageni kwa mambo ya kulima ili kula. Mwezi wa Mei 1883 Émile Storms, ofisa wa Ubelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold, alianzisha kituo chake karibu na mlango wa mto Lufuko, katika nchi ya jumbe aliyeitwa Mpala, na mwaka wa 1885 kituo kikatiwa mikononi mwa Mapadre Weupe wa Kadinali Lavigerie. Siku zile mzigo wowote kutoka Ulaya ulishushwa pwani ya Bahari ya Hindi, ukabebwa kichwani na wapagazi kwa miezi hadi ufuko wa mashariki wa ziwa, kisha ukavushwa kwa chombo. Kwa hiyo mgeni, awe askari au padre, alikula kile ambacho udongo wa hapa na maji ya hapa yalimpa, au alilala na njaa. Sisemi haya kwa kumsifu Storms, ambaye jina lake halikumbukwi kwa wema na jamaa za machifu aliowapiga vita, ila kuonyesha kwamba ufuko huu uliwahi kulisha watu wake na wageni wake bila duka wala gari.

Na wale wausifuo mno muhogo kuwa chakula cha asili, wakiifikiri sahani ya bukari na karanga kuwa ndiyo urithi wa babu wa mababu, wasamehewe, lakini wajue kwamba muhogo, mahindi, karanga, viazi vitamu, nyanya na pilipili, vyote asili yake ni Amerika, vililetwa Afrika na merikebu za Wareno na kupenya bara polepole. Chakula kikongwe cha nchi hizi kilikuwa mtama, ulezi, kunde na njugu mawe. Sidai kwamba turudi huko. Nataka tu kusema kwamba wazee wetu hawakuona haya kupokea mmea mgeni ulipowafaa, na sisi tusione haya kuupokea mwingine.

Kuna jambo jingine la zamani ambalo pengine huifanya bustani ichukiwe hata leo. Mwaka wa 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya kilimo cha lazima, ikawataka wanavijiji watoe hadi siku 60 kila mwaka kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, pamba mahali pamoja, chakula cha wafanyakazi mahali pengine, na aliyekataa alitozwa faini au alitiwa kifungoni. Jembe lililoshikwa kwa hofu halipendwi, na mtoto aliyemwona baba yake akilimishwa kwa amri hakukosa kuwaambia wanawe kwamba elimu ni ile imwondoayo mtu shambani. Bustani niisemayo hapa haina mnyapara; inalimwa jioni, kwa nusu saa, na mwenye kuila mwenyewe.

Sasa turudi kwenye muhogo, kwa maana hauepukiki, na ndani yake mna sababu kubwa kuliko zote ya kukitukuza kitoweo. Muhogo una fadhila nyingi: huota katika udongo uliochoka, huvumilia jua, na hungojea ardhini hata mwenyewe atakapouhitaji. Walakini kiazi chake ni wanga karibu mtupu, protini yake ikiwa kama asilimia moja tu, na aina zile chungu zina chembechembe zitoazo sumu ya sayanidi. Mabibi zetu waliijua sumu hiyo bila kuijua kwa jina la kikemia, wakaitoa kwa kumenya muhogo na kuulowesha majini siku tatu au nne hata ulainike, ndipo wakauanika na kuutwanga. Taabu huja wakati wa dhiki, vita vinapowakimbiza watu, au ukame unapokaza, au mchuuzi anapotaka kuwahi gari. Siku nne hugeuzwa kuwa moja, na unga mweupe unaopendeza macho hubaki na sumu yake.

Matokeo yake yana jina katika elimu ya tiba, nalo limetoka Kongo yetu: konzo. Daktari Trolli alichapisha habari zake mwaka wa 1938 kutoka nchi ya Kwango, kusini magharibi mwa Kongo. Ugonjwa ukaonekana kwa wingi Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame wa mwaka 1981, na Tarime, Tanzania, mwaka 1985. Mtu, na hasa mtoto au mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, hulala mzima na huamka miguu imekakamaa, na ukakamavu huo hauondoki maisha yake yote. Wataalamu walipochunguza waligundua kwamba mwili una njia yake ya kuiharibu sayanidi, na kwamba njia hiyo huhitaji salfa ipatikanayo katika protini za chakula, kama zile za samaki na za mayai. Basi mwenye kula bukari iliyoharakishwa pamoja na ndakala ana ngao, na mwenye kula bukari hiyo hiyo kwa chumvi na pilipili tu hana. Hapo ndipo kitoweo kinapoacha kuwa anasa ya ulimi kikawa kinga ya mwili.

Kwa aliyenunua unga asiouamini kuna hila sahali iliyoenezwa na Howard Bradbury, mtaalamu wa Australia, na ikajaribiwa katika vijiji vya Kongo vilivyopatwa na konzo: unga huchanganywa na maji hata uwe rojo zito, hutandazwa kama utandu mwembamba juu ya jamvi au sinia, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na sumu iliyosalia karibu yote huruka hewani, kisha unga huo husongwa siku ile ile kama kawaida. Haidai kifaa chochote, ila subira ya mchana mmoja.

Majani ya muhogo, yaani sombe, nayo yana sumu, lakini yana protini, chuma na asili ya vitamini A kwa kiasi ambacho kiazi chake hakina, na kinu ndicho kiyasafishacho. Huchumwa yale machanga ya nchani, majani machache katika kila mti ili kiazi kisidhoofike. Hutiwa kinuni pamoja na kitunguu na pilipili mbichi, na mchi unapofanya kazi rangi hugeuka kutoka kijani kikavu kuwa kijani cheusi chenye maji, harufu ikawa kali puani. Aliyezoea haachi kutwanga mpaka nyuzi za jani zimekwisha kabisa, kwa maana kule kupondeka ndiko kunakoifungulia sumu mlango. Kisha sombe huchemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, mvuke upate kutoka, na baada ya hapo ndipo mawese, karanga za kusaga au ndakala vinapotiwa. Mwenye ua mdogo asipande muhogo wa viazi kwa ajili ya sombe. Apande ukutani miche miwili mitatu ya ule muhogo mti, ambao Tanzania huitwa mpira na majani yake kisamvu cha mpira: hukua ukawa mti, hutoa majani hata kiangazi, na hauombi nafasi zaidi ya ile ya uzio wa kawaida.

Nimetaja kiangazi, na hapa ndipo penye mtihani wa kweli wa nyumba ya ufukoni. Mvua za huku huanza kiasi cha Oktoba na hukoma karibu na mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Baada yake nyasi za vilimani hukauka. Zamani mtu alijifariji kwamba hata mboga zikikosekana ziwa halikauki, na Tanganyika, ambalo kina chake kinafikia mita 1,470, lilikuwa ghala lisilofungwa mlango. Lakini samaki wamepungua, na nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimeafikiana kuupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu, kutoka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, Tanzania ikianza upande wake mwaka 2024. Nayasifu makusudi yake, kwa sababu mama asiyeachwa azae hatakuwa na mwana wa kuvuliwa kesho. Hata hivyo mtu asidanganyike kwamba mapumziko hayo hayana uzito kwa maskini, kwani miezi hiyo ndiyo ile ile isiyo na mvua. Ndakala hupanda bei wakati mmoja na mboga, na anayenunua kitoweo kila jioni hubanwa kotekote.

Kujiandaa basi kuanze Machi, si Juni. Ndakala wanunuliwe katika miezi ya wingi, wakiwa wabichi, waanikwe nyumbani. Mazoea ya kuwaanika juu ya mchanga wa ufuko, ambako kuku na mbuzi hupita na mvua ya ghafula huwaozesha, yanafaa kuachwa. Upande wa Burundi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliwafundisha wanawake kuwaanika juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa hadi kiunoni, hewa ikawapitia juu na chini, na samaki wakawa wanakauka upesi zaidi, safi, bila mchanga wa kusaga meno. Kichanja cha miti minne na kipande cha wavu mkuukuu kinatosha nyumba moja. Ndakala mkavu huliwa mzima, kichwa na mifupa, ndiyo maana humpa mtoto madini ya mifupa ambayo mnofu wa samaki mkubwa hauna. Na aliyekauka barabara, akifungiwa katika chombo kikavu kisichopitisha wadudu, huivusha nyumba miezi ile mitatu.

Kando ya ndakala, maharage na soya. Soya haijapendwa sana na watu wetu, nadhani kwa sababu wengi waliijua mara ya kwanza katika vituo vya watoto waliokonda, ikaonekana kuwa chakula cha misiba. Hasara ni yetu. Protini ya soya hukaribia asilimia 40 ya uzito wake mkavu, na hakuna punje ya bei hiyo iikaribiayo. Kutengeneza maziwa yake nyumbani si kazi ya kiwanda: punje hulowekwa usiku kucha, humenywa maganda kwa kusuguliwa viganjani, husagwa au hutwangwa pamoja na maji, huchujwa kwa kitambaa, na maji yale meupe huchemshwa kwa kukorogwa kwa muda wa robo saa au zaidi; kuchemsha huko ni sharti, kwa maana soya mbichi ina vitu vinavyolizuia tumbo lisiyeyushe protini. Makapi hayatupwi, hukaangwa na kitunguu yakawa kitoweo kingine. Kwa uji wa mtoto, soya hukaangwa kwanza, ndipo isagwe na mahindi, kipimo kimoja kwa viwili au vitatu, na karanga kidogo kwa ajili ya mafuta. Mwaka wa 1935 Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi katika Ghana ya leo, aliueleza ulimwengu ugonjwa uitwao kwashakoo, umpatao aghalabu mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amezaliwa, akapewa uji wa wanga mtupu hata akavimba miguu na nywele zikageuka rangi. Mama amwonaye mwanawe ana mashavu manene akadhani kuwa ni siha, aangalie miguu.

Kuhusu bustani yenyewe sina mengi, kwa kuwa mwenye kulima atafundishwa na udongo wake. Wakati wa mvua tuta liinuliwe ili maji yasisimame. Wakati wa kiangazi lifanywe kinyume, kitanda kizamishwe chini ya usawa wa njia, maji yanayomwagwa yakae ndani, na uso wake ufunikwe nyasi kavu jua lisiyanyonye. Mboji hupatikana bure: nyasi, majani mabichi, samadi ya mbuzi, majivu machache, na matumbo ya samaki yaliyofukiwa katikati ambako mbwa hawayafikii, vyote vikiwekwa tabaka juu ya tabaka, vikilowanishwa na kugeuzwa kila baada ya majuma mawili matatu, hata baada ya miezi miwili au mitatu viwe udongo mweusi usionuka.

Asiye na ardhi kabisa ana gunia. Bustani za magunia zilienea katika Kibera, Nairobi, kuanzia mwaka wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi kupandisha bei za vyakula, shirika la Kifaransa la Solidarités likiwa miongoni mwa waliozieneza. Ufundi wake umo katikati ya gunia: kopo lisilo na kitako husimamishwa chini, hujazwa vijiwe, udongo uliochanganywa na mboji humiminwa pembeni, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hivyo hivyo hadi mdomoni mwa gunia, ikapatikana nguzo ya mawe ambayo maji hushuka nayo mpaka chini. Bila nguzo hiyo miche ya juu hunywa na ya chini hufa. Mbavuni hutobolewa matundu ya kidole na kupandikizwa mboga, juu hupandwa vitunguu vya majani, na maji yaliyooshea mchele au nyanya huwa ndiyo kinywaji chake.

Juu ya maji kuna onyo ambalo halistahili kupunguzwa makali. Kalemie na ufuko wake hurudiwa na kipindupindu mara kwa mara, na maji ya ziwa, ingawa ni maangavu na hayana chumvi ya bahari, hayastahili kuoshea mboga iliwayo mbichi. Kunyweshea bustani kwayo si hatari ikiwa maji yanamwagwa shinani na mboga inapikwa. Bali nyanya na vitunguu vya kachumbari vioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kinyesi cha binadamu kisisogezwe kamwe karibu na kitanda cha mboga, hata aliyekileta akikiita mbolea. Lengalenga na matembele, yaani majani ya viazi vitamu, hazitaki moto mwingi, dakika chache na maji kidogo zinatosha, lakini zinataka mafuta, kwa sababu asili ya vitamini A iliyomo haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Na mawese mekundu, ambayo yenyewe yana asili hiyo kwa wingi, hukamilisha kazi, ilimradi yasichomwe chunguni hata yakawa meupe.

Matembele yaweza kutoka katika kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, na afadhali yatoke humo. Kazi ya kukizalisha na kukieneza kiazi hicho Afrika iliwapa Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda, pamoja na Howarth Bouis, Tuzo ya Chakula ya Dunia ya mwaka 2016, na kiazi kimoja cha kadiri ya gramu 125 humtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Watu hukilaumu kwamba ni cha majimaji kuliko kile cheupe, na lawama hiyo ni ya kweli. Kichomwe katika majivu badala ya kuchemshwa, utaona tofauti.

Mahali pa bustani pachaguliwe kwa akili. Udongo mwororo wa karibu na maji huvutia, lakini ziwa, ambalo njia yake ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga pale Kalemie, limezoea kupanda na kushuka, na mwaka wa 2024 lilipanda likaingia katika nyumba na mashamba ya ufukoni katika nchi zaidi ya moja. Miti ya kudumu, kama mpapai, muhogo mti na mwembe, ipandwe juu. Chini kabisa pawekwe mboga za mwezi mmoja, ambazo maji yakizichukua hasara yake ni ya mwezi mmoja.

Na mbegu zisinunuliwe mara mbili. Mashina mawili au matatu ya lengalenga, yale marefu yasiyougua, yaachwe bila kukatwa hata yatoe suke; suke likikauka na likitikiswa punje zikianguka, lisuguliwe juu ya sinia, lipepetwe, na mbegu zichanganywe na majivu makavu na kutiwa chupani. Nyanya hukamuliwa, mbegu zake zikaachwa katika maji yake siku mbili au tatu hata ute uondoke, ndipo zikaoshwa na kuanikwa kivulini; ila zile za pakiti za aina chotara zisiwekwe, kwa kuwa vizazi vyake havifanani na mama. Mbegu za lengalenga ni ndogo mno kupandwa kwa vidole, kwa hiyo huchanganywa na mchanga, hunyunyizwa katika mistari, hufunikwa udongo mwembamba na nyasi chache, na ardhi isipoachwa ikauke huchomoza baada ya siku nne au tano, zikisongamana. Zikifika kimo cha kidole hupunguzwa, na hiyo iliyong'olewa, ikioshwa mizizi na kutiwa chunguni, ndiyo mboga ya kwanza ya bustani.